Kikundi: Ukoo wa Mzee Shomari

Salma: Nani kaangalia ile muvi niliyowatajia, Silent Running ya 1972? Jana nimelala saa nane kwa ajili yake.

Idi: Nimeiona dada. Bruce Dern, ndiye Lowell, na vijiroboti vyake. Imenitia unyonge mpaka chai haipiti. Mbona hata haitajwi na watu?

Ba'mdogo Rajabu: Mie nimeikatisha. Mtu kaua wenzake watatu kwa ajili ya miti, halafu nimwonee huruma?

Salma: Baba mdogo, duniani hakuna tena msitu. Iliyobaki imo kwenye makuba ya vioo huko karibu na Zohali. Inakuja amri: ilipueni, meli za angani zilizoibeba zirudi kwenye biashara. Ungefanyaje?

Ba'mdogo Rajabu: Ningelia. Kuua hapana.

Idi: Wawili kawanasa ndani ya kuba lililotupwa angani likalipuka, hakuwaona. Ila Keenan, yule mwenzake wa tatu, kapambana naye mwilini, na beleshi mkononi. Na Keenan ndiye aliyekuwa na afadhali kwake! Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea Lowell, na kumchukia pia siwezi.

Shangazi Mwanaidi: Nyie, sijafika huko!! Mnanimalizia uhondo

Ba'mdogo Rajabu: Na kilichoniudhi zaidi: bwana miti mzima, majani yananyauka anahangaika kutafuta ugonjwa. Kumbe wamelipa jua kisogo, wako mbali nalo! Mimi nimekaa na miche miaka thelathini, hilo ndilo la kwanza unaloangalia.

Salma: Si umesema uliikatisha?

Ba'mdogo Rajabu: Nimeirudia alfajiri.

Salma: 😂😂 Mie sioni kama ni ujinga. Hatia imemla. Kutwa anafundisha roboti karata, miti aliyoiulia watu kaisahau.

Idi: Halafu mnajua ndani ya zile roboti wamo watu wasio na miguu? Wanatembelea mikono. Ndiyo maana zinayumba kama mtoto anayejifunza kwenda. Na ile meli walipigia picha ndani ya manowari ya kweli, Valley Forge, iliyokuwa imeshastaafishwa.

Shangazi Mwanaidi: Nimemaliza.

Shangazi Mwanaidi: Kile kijiroboti kimebaki peke yake msituni, na taa zake, na kikopo cha mtoto cha kumwagilia

Ba'mdogo Rajabu: Ndiyo hivyo dada.

Shangazi Mwanaidi: Sasa kikiharibika, nani atakitengeneza?

Ba'mdogo Rajabu: Dada, lala.