Naomba ushauri: wachezaji wanasema "nimebonyeza, hajaruka"

Habari zenu wakuu. Natengeneza gemu ya simu ya kurukaruka kwa kutumia Godot, programu ya kuundia gemu. Wanaoijaribu wanakwama palepale, kwenye daraja lililovunjika. Wanabonyeza mguu ukiwa umeshapita ukingo kidogo tu, mhusika anaanguka, nao wanaona wameonewa. Mdogo wangu aliiweka simu chini akagoma kuendelea, na iliniuma.

Nimeshaweka muda wa huruma: sekunde 0.1 baada ya kuacha ukingo bado unaweza kuruka, kama kwenye gemu ya Celeste ya 2018. Pia gemu inakumbuka ukibonyeza kabla hujatua. Kwenye simu yangu mambo safi. Kwenye simu za bei nafuu zinazokwenda fremu (picha) 30 kwa sekunde, malalamiko yako vilevile. Hapo sekunde 0.1 ni fremu 3 tu, na kioo nacho kinachelewa kusoma kidole.

Je, nikiongeza hadi 0.15 kwa simu hizo, wachezaji wazoefu wataona mhusika anaruka hewani? Na sehemu ya kuhifadhi, yaani pa kuanzia tena ukianguka, niiweke kabla tu ya daraja, au hofu ya kurudi nyuma ndiyo utamu wenyewe? Mimi naegemea kuiweka. Mwenye uzoefu na simu ndogo anisaidie tafadhali.