Nyumba za bei nafuu: serikali kuu iamue peke yake, au kaunti na wenyeji wawe na kauli?

Mchangiaji aliyetangulia anataka kaunti ziwekwe kando, kwa kuwa magavana wakipewa nafasi wataleta siasa na majengo yatakwama. Namwelewa. Anayelala kwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, choo kimoja ploti nzima, amechoka kusubiri. Hata hivyo, sikubaliani naye.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa serikali kuu sera ya makazi. Mipango na maendeleo, makazi yakiwemo, ni ya kaunti. Ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024: mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 450 kila mwezi ziingie kwenye mfuko wa nyumba hizo, na mwajiri hutoa 450 nyingine. Kamati za kaunti zimo sheriani, ila mfuko umekabidhiwa bodi ya taifa.

Tazameni Mukuru, mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, yaani litengenezewe mpango wake lenyewe. Wakazi walijipanga nyumba kumi kumi, wakachagua wa kuwasemea, wakakaa na wataalamu: barabara ipite wapi, kibanda cha nani kisogee. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini mambo ya namna hii mchoraji wa ofisini hayaoni. Jioni mama anatoa karai mlangoni, anakaanga samaki, watu wakitoka kazini wananunua. Mlango ule ndio duka lake, na ndio karo ya watoto. Mkimpandisha ghorofa ya saba, atamuuzia nani?

Nakubali hatari moja, tena kubwa: mitaa ya wenye nacho inaweza kutumia hiyo hiyo sauti ya wenyeji kuwafungia maskini mlango. Kwa hiyo serikali kuu iweke sharti kwamba kila kaunti itenge ardhi na itoe vibali kwa muda uliopangwa, na ikishindwa, iingiliwe. Lakini wapi pajengwe, nani ahamishwe lini, na nani apewe ufunguo wa kwanza, hayo yaamuliwe na wanaoishi pale.

Ningependa kuwasikia mliokwisha kubomolewa. Mliitwa kikaoni kwanza, au mliamka mkakuta X nyekundu ukutani?