UKOO WA CHUMBAGENI ⚾ VITI

Jumanne, 18 Novemba 2025

06:41 Shaabani: Asalaam aleikum ukoo. Nadhani mmeshaona, Naylor wetu wa Mariners KASAINI tena, miaka 5 dola milioni 92.5. Mimi jana nilisimamisha gari pembeni nikakaa kwanza. Miaka yote niliyokaa hapa Kent karibu na Seattle sijaona Mariners wanamshika mtu wao kabla hata Desemba haijaingia. Sasa tuje kwetu. Malipo ya kwanza ya viti vyetu vya msimu uwanjani ni IJUMAA. Tuko sita, kila mtu 210. Andika jina lako hapa chini usiandike kitu kingine

06:42 Shaabani: 1. Shaabani ✅
2.
3.
4.
5.
6.

06:58 Mama Tatu Tanga: Waaleikum salaam mwanangu. Huu ndio mchango wa shughuli ya Rehema?

07:01 Shaabani: Hapana Mama Tatu, huu wa besiboli. Wa Rehema uko kwenye kile kikundi kingine

07:03 Mama Tatu Tanga: Haya. Mimi nilikuwa nishatoa simu nimtume mtoto kwa wakala

07:20 Zuberi Toronto: Naylor mtoto wa Mississauga huyo, mmemchukua jirani yangu kabisa hongereni. Springer wetu wa Blue Jays anawasalimia lakini 😂

07:21 Shaabani: Zuberi usianze

07:21 Zuberi Toronto: Iningi ya saba

07:22 Zuberi Toronto: 4-3

07:34 Shaabani: Sasa kwa kuwa umeianza ngoja niseme, maana tangu Oktoba 20 nimenyamaza. Mechi ya saba na Toronto, tunaongoza 3-1. Tulikuwa tumebakisha kuwatoa watu WANANE tu twende fainali ya dunia, timu tangu imeanza 1977 haijawahi kufika huko hata siku moja, ni sisi peke yetu kwenye ligi nzima. Woo mrushaji wetu kaacha watu wawili kwenye besi, anakuja Springer, mtu ambaye kazi yake kila Oktoba ni hiyo hiyo. Muñoz mrushaji wetu mkali kuliko wote amekaa kule nyuma na mkono wake mzima. Kocha Wilson anamuita mrushaji Bazardo. Mimi sina ugomvi na Bazardo, kijana kafanya kazi mwaka mzima na alikuwa amechoka, nina ugomvi na anayemtunza Muñoz kwa ajili ya iningi ya tisa, ile ya mwisho. Ya tisa ipi? Unamuwekea mgeni wali jikoni na mgeni mwenyewe keshaondoka?

07:36 Latifa: mjomba pole 😭 mimi hiyo mechi sijairudia mpaka leo

07:37 Zuberi Toronto: Na sisi tulienda tukafungwa na Dodgers mechi ya saba iningi 11, kwa hiyo tumelia wote. Ila nyinyi mlitangulia

07:40 Shaabani: Latifa weka jina namba 2

07:44 Latifa: mjomba mimi nalipiwa na mama kwa hiyo muulize yeye

07:45 Shaabani: @Mwanaidi

12:10 Shaabani: @Mwanaidi @Hashimu @Faraji @Bamkubwa jamani ni kuandika jina tu

12:52 Hashimu Columbus: Nipo nipo nilikuwa kazini. Kaka mimi 210 ninayo ila kwanza nijue hawa watu wana nia gani. Naylor sawa. Wapigaji wetu Polanco na Suárez mikataba imeisha. Tunalipia viti mwezi wa 11 tukifika mwezi wa 3 tunakuta wameuza na paa la uwanja. Mnasahau ile asilimia 54?

12:55 Juma Dar: asilimia 54 ya nini?

13:02 Hashimu Columbus: Mwaka 2023 msimu umekwisha tumekosa nafasi ya mtoano kwa mechi moja tu, Dipoto ambaye ndiye mkubwa wa mambo yote ya wachezaji akakaa mbele ya waandishi akasema lengo ni kushinda asilimia 54 kwa miaka kumi. Mtu umetoka kulia nyumbani unaambiwa hesabu. Na mwezi uliofuata wakampeleka Suárez Arizona, huyo huyo Suárez ambaye Julai hii wamekwenda kumrudisha

13:09 Shaabani: Na mimi nilimtukana sana Dipoto 2023 Mungu anisamehe. Lakini mtu akifanya vizuri tuseme kafanya vizuri. Julai kaleta Naylor na Suárez ndani ya wiki moja na hakugusa mtoto hata mmoja wa juu. Latifa waambie

13:20 Latifa: ni kweli. kwa Naylor walitoa Brandyn Garcia na Ashton Izzi. kwa Suárez walitoa Locklear, Burgos na Cranton. wote warushaji isipokuwa Locklear, na Locklear nafasi yake ndio hiyo hiyo ya Naylor kwa hiyo angecheza wapi. yule chipukizi Colt Emerson wakabaki naye, ana miaka 20 tu, na mkataba wa J.P. Crawford unaisha mwakani kwa hiyo mtu wa kurithi pale katikati ameshapatikana. halafu kuna Kade Anderson yule wa mkono wa kushoto tuliyemchagua wa tatu mwaka huu kutoka chuo cha LSU

13:22 Hashimu Columbus: Emerson mtoto wa huku kwetu Ohio huyo

13:22 Zuberi Toronto: Kila mchezaji ni wa mtaani kwa mtu humu, Suárez sasa atakuwa wa Makorora

13:23 Juma Dar: 😂😂😂 Suárez namfahamu mamake alikuwa anauza mihogo pale stendi

13:23 Mama Tatu Tanga: Mamake nani? Yule wa Makorora alishafariki

13:24 Juma Dar: hapana Mama Tatu tunatania

13:31 Shaabani: JINA. Naomba majina

13:40 Hashimu Columbus: Basi mimi nasema hivi, kama watoto wako wengi namna hiyo toa wawili watatu mchukueni Skubal kule Detroit. Mtu kachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mara mbili mfululizo na chuo kasoma hapo hapo Seattle University. Kirby, Gilbert, Woo halafu Skubal, nani atawafunga? Mtoto anaitwa chipukizi, hujui itakuwa embe au itakuwa kuni

13:48 Shaabani: Hashimu Skubal mkataba wake unaisha mwakani. MWAKA MMOJA. Unatoa Emerson miaka sita mbele, unapata mtu ambaye Novemba ijayo anakwenda kwa mwenye pesa nyingi, na mwenye pesa nyingi sio sisi. Mimi msimamo wangu ni huu na sitauhama, Polanco abaki, warushaji wa akiba waongezwe wawili ili siku nyingine Bazardo asibebeshwe mlima peke yake, na hao watoto waachwe wakue. Wamiliki watoe pesa mfukoni. Mwaka huu uwanja ulijaa Oktoba, nyama choma ya nje pale mlangoni ilikuwa inakwisha saa kumi, hela wameiona

13:50 Hashimu Columbus: Miaka 48 tunasubiri watoto wakue kaka

15:17 Bamkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:08)

15:25 Latifa: kwa ambao hawawezi kufungua, babu anasema yeye amekuja hapa 1994 na mwaka uliofuata aliwaona Griffey na Edgar wa Mariners wakiwatoa Yankees ndani ya Kingdome, uwanja wetu wa zamani, kwa hiyo asifundishwe kusubiri. anasema 1997 walimtaka mrushaji Slocumb mara moja, wakawapa Boston vijana wawili, Varitek na Lowe, na 2004 vijana hao hao wakavalishwa pete ya ubingwa kule. na 2008 wakamtaka mrushaji Bedard wa Baltimore, wakatoa watu watano, Adam Jones na Tillman wakiwemo, Bedard bega likamsumbua na Jones akawa nyota wa Baltimore miaka kumi. anasema Hashimu ulikuwa mdogo lakini hukuwa mdogo kiasi hicho

15:26 Hashimu Columbus: Nimekusikia Bamkubwa. Shikamoo

15:30 Bamkubwa: Marahaba

15:41 Juma Dar: nje ya mada kidogo, juzi nilipita Azania pale Upanga, ule uwanja wa Wajapani, watoto wa sekondari wanacheza besiboli jua kali la saa nane, mmoja hana glovu anadaka kwa kofia. nikamkumbuka marehemu ba mdogo Salimu nikasimama nusu saa

15:44 Latifa: anko Juma kuna Mganda anaitwa David Matoma yuko kwenye timu za vijana za Pirates anarusha karibu maili 100 kwa saa, itafika na kwetu inshallah

15:46 Zuberi Toronto: Shaabani hapo ndipo pa kuweka 210

15:47 Shaabani: Zuberi wewe hata kwenye orodha haumo

21:33 Mwanaidi: Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma zote. Nina swali moja. Zamu za mechi mwaka huu anapanga nani?

21:35 Shaabani: Mimi kama kawaida. Nikuweke namba 2 na Latifa namba 3?

21:36 Mwanaidi: Kama kawaida ya 2022?

21:36 Shaabani: Mwanaidi

21:44 Mwanaidi: Hapana niache niseme. Oktoba 15, 2022. Mechi ya kwanza ya mtoano nyumbani baada ya miaka 21, zamu yangu, imeandikwa kwa mkono wako mwenyewe. Iningi 18, sifuri kwa sifuri mpaka Peña wa Houston anapiga ile moja. Mimi niliiangalia kwenye TV ya chumba cha chai kazini, jezi nimevaa ndani ya yunifomu kwa sababu nilikuwa nimebadilisha shifti na mtu kisha asubuhi unanipigia unasema kiti kina mgeni, ikabidi nirudishe shifti. Nikasema yameisha. Mwaka huu Oktoba 17, mechi ya tano na Toronto, Cal wetu anasawazisha, Suárez anapiga ile ya besi zimejaa, Seattle nzima inapiga honi mpaka usiku wa manane. Kiti changu alikaa nani?

21:45 Mwanaidi: Sijibiwi?

21:52 Shaabani: Nilishaeleza. Yule mtu ndiye aliyenipa mkataba wa kazi ya magari, nisingeweza kumwambia hapana wiki ile. Na nilikurudishia pesa

21:53 Mwanaidi: Sikukuuliza pesa

21:55 Juma Dar: Ujumbe huu umefutwa

21:58 Zuberi Toronto: jamani usiku umeingia, tulale

22:40 Bamkubwa: Nimesoma. Viti hivyo alivianzisha baba yenu Salimu 2001, mwaka Mariners waliposhinda mechi 116, mwaka wa kwanza wa Ichiro. Alikuwa anaosha vyombo hotelini usiku na kulipia kidogo kidogo. Kila Jumapili alikuwa anaandika zamu kwenye karatasi anaibandika kwenye friji yangu, jina lake anaweka la mwisho. Shaabani, Polanco na Skubal wana watu wa kuwahangaikia. Zamu za mwaka huu aandike Mwanaidi. Mimi sitoi senti mpaka niione hiyo karatasi.

Jumatano, 19 Novemba 2025

11:05 Shaabani: Sawa Bamkubwa. Nimekuelewa

11:06 Shaabani: Mwanaidi andika wewe

13:30 Mwanaidi: Nitaandika Jumapili. Nina shifti tatu mfululizo

13:31 Shaabani: Malipo ni Ijumaa lakini

13:31 Shaabani: Au hata mechi za Aprili tu kwanza?

17:12 Hashimu Columbus: Mimi nimetuma 100. Iliyobaki nitamalizia, na mechi zangu ziwe Julai nikija na watoto

17:15 Shaabani: Asante Hashimu. Faraji?

17:16 Shaabani: @Faraji

Ijumaa, 21 Novemba 2025

05:50 Faraji: 👍

05:52 Shaabani: Faraji hiyo ni ndiyo ya viti au umeona ujumbe?

16:20 Shaabani: Ukoo, nimelipa. Ya kwangu, 100 ya Hashimu, iliyobaki nimeweka kwenye kadi yangu. Malipo ya pili yana siku yake, na hayo sitaweza kuyabeba peke yangu nasema ukweli. Mwanaidi kwenye karatasi yako mechi ya kwanza ya msimu jiandike wewe na Latifa. Mimi usiniweke mpaka Mei

18:02 Zuberi Toronto: Mungu akuzidishie Shaabani. Blue Jays wakija huko nitakata tiketi yangu mwenyewe sitagusa kiti cha mtu

18:40 Latifa: mama kasoma yuko njiani

19:55 Mwanaidi: Ile jezi ya baba, ya Ichiro, 51. Iko kwako au kwa Bamkubwa?

19:57 Shaabani: Iko kwangu

19:57 Mwanaidi: Niletee Jumapili. Nitaandika zamu huku unaniona

20:03 Shaabani: Nitakuja baada ya adhuhuri

20:10 Bamkubwa: Njooni mwandikie kwangu. Friji bado ni ile ile.

20:31 Hashimu Columbus: Polanco kuna habari?

20:32 Latifa: bado