Naombeni ushauri: ncha za visukuku vya konokono zimelika

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Nachambua visukuku vya konokono wa baharini, nione kama spishi ambazo viluwiluwi wao (wachanga waliotoka kwenye yai) huelea mbali na kujilisha wenyewe hudumu zaidi kabla ya kutoweka. Kigezo ni gamba la utotoni pale nchani: likiwa dogo lenye mizunguko mingi, kiluwiluwi alielea muda mrefu; likiwa butu, nene, la mzunguko mmoja au miwili, alitegemea kiini cha yai na hakwenda mbali.

Shida ni kwamba ncha nyingi zimelika. Nimeloweka udongo, nikachekecha kwa matundu ya milimita 0.5 na kukagua kwa hadubini. Wadogo ndio wenye ncha safi, ila kuwatambua spishi ni kazi kwelikweli. Kukisia aina ya kiluwiluwi kwa jenasi (kundi la spishi za karibu) naogopa, maana hata jenasi moja kama Conus ina aina zote mbili. (Mwisho wa Kretasia, kipindi kilichofungwa na mtoweko wa dinosaria, nimeuacha; mtaalamu wa visukuku David Jablonski alishaonyesha mwaka 1986 kwamba tofauti hiyo ya viluwiluwi haikuokoa kitu kwenye mtoweko ule.)

Je, spishi zisizo na ncha niziondoe kabisa, hata kama hilo litapendelea spishi zenye magamba magumu? Na nitenganisheje athari ya kiluwiluwi na ya ukubwa wa eneo la spishi, wakati viwili hivyo huenda pamoja?