Mdogo wangu ana kesi ya mauaji, mama ana kesi ya shamba: wakili wa bure anapatikanaje huku Kigoma?

Mwana_Mwandiga:
Mwakeye wakuu. Naombeni msaada kwa anayejua mambo ya mahakama maana nyumbani tumechanganyikiwa. Mdogo wangu kakamatwa kwa tuhuma za mauaji, yuko mahabusu Bangwe, kila akipelekwa mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Sasa kuna jamaa anashinda pale nje kamwambia mama atoe laki nne ndo mtoto apangiwe wakili, na mama yuko tayari kuuza michikichi. Na hiyo michikichi yenyewe ina kesi, baba mdogo anadai shamba ni la ukoo kamshtaki mama baraza la ardhi la wilaya. Wakili wa bure anatolewa kwa kesi zote mbili? Na wanaangalia nini, maana mama anauza mawese ya chupa sokoni lakini nyumba ina bati, watu wanasema mwenye bati hahesabiwi maskini.

Binti_Ujiji:
Kaka mwambie mama asiuze hata mti mmoja, na huyo jamaa msimpe hata nauli. Kesi ya mauaji inasikilizwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na wakili wake anapangiwa wakili wa kujitegemea ambaye analipwa na serikali, familia haitoi kitu. Huyo jamaa ni kishoka, anauza kitu ambacho mdogo wako atapata hata asipotoa senti.

Mzee_wa_Uyui:
Naongezea hapo kijana wangu, nimefanya kazi kwenye ofisi za mawakili Tabora enzi hizo kesi za Kigoma zote zinakuja kwetu kabla nyie hamjawa na Mahakama Kuu yenu. Pale alipo sasa ni mahakama ya chini, haina mamlaka ya kusikiliza mauaji, ndo maana hata kukiri au kukana haulizwi, na dhamana ya mauaji haipo kisheria. Upelelezi ukiisha anasomewa maelezo ya mashahidi halafu jalada linapanda Mahakama Kuu, na mara nyingi wakili anapangwa huko juu. Shida ninayoiona miaka yote ni kwamba wakili anaweza kukutana na mteja wake kesi imeshakaribia kabisa, kwa hiyo nyie ndugu msikae tu mnasubiri. Jalada likipanda nendeni ofisi ya Naibu Msajili wa Mahakama Kuu muulize amepangiwa nani, mumfuate huyo wakili mapema na majina ya mashahidi wenu. Kama siku ya tukio kijana alikuwa sehemu nyingine hilo ni la kwanza kumwambia, maana utetezi wa kutokuwepo unatakiwa utolewe taarifa mapema, ukiuibua mwishoni mahakama inaweza isiupe uzito.

Kuhusu bati, hakuna sheria inayosema hivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaangalia kama kipato chako hakitoshi kuweka wakili, na kwenye jinai jaji au hakimu anaangalia pia kama haki inadai mtu asaidiwe. Muuza mawese ya chupa ataweka wakili wa mauaji kwa hela gani?

Kigoma_Mwisho_wa_Reli:
Hiyo ya kupangiwa moja kwa moja ni mauaji bana, msiwadanganye watu wa kesi nyingine. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kuanzia miaka 30 na watu wanajitetea wenyewe kila siku. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ya pale Arusha mwaka 2015, kesi ya Alex Thomas, ilisema Tanzania ilikosea kutompa wakili mtu wa kesi kama hiyo. Kwa hiyo ndugu yako akiwa na kosa zito asikae kimya, amwambie hakimu siku ya kesi kwamba hana uwezo anaomba msaada wa kisheria. Gerezani pia mkuu wa gereza anatakiwa kuwawezesha mahabusu wapate huo msaada. Inaniuma sana mtu anafungwa miaka yote hiyo hajui hata angeweza kuomba.

Binti_Ujiji:
La mama ni tofauti. Kesi ya ardhi ni madai, huko usitegemee mahakama ikupe wakili, mnaomba wenyewe kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaelekeze waliopo, na nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya mama. Wasaidizi wa kisheria, yaani wale waliofundishwa sheria kidogo ila si mawakili, watawaelekeza kuhusu majibu ya madai na kuwashauri bure, ila hawaruhusiwi kusimama barazani kama wakili. Lakini baraza la wilaya linaruhusu ndugu kumwakilisha mtu, yaani wewe mtoto wake unaweza kusimama badala ya mama bila kuwa mwanasheria. Halafu ulizeni baba mdogo alipitia baraza la kata kwanza? Tangu 2021 baraza la wilaya halisikilizi mpaka kata wathibitishe usuluhishi umeshindikana, kama hana hiyo karatasi lisemeni mapema.

Mwana_Mwandiga:
Asanteni sana dada na mzee wangu, mama nimemsomea yote. Kata hatukuwahi kuitwa kabisa, hata barua hatukupata. Jumatatu naenda kwa afisa maendeleo, halafu napita Bangwe nimuulize mdogo wangu siku ile alikuwa na nani.

Mzee_wa_Uyui:
Ukitoka Bangwe andika majina na namba za simu siku hiyohiyo, watu wanahama.