Ofa ya kwanza ya kucheza kikapu Ulaya: mtego uko kwenye kifungu gani?

Pasi_ya_Chini
Wakuu, heshima kwenu. Kuna pointi gadi wa miaka 23 kaletewa mkataba na klabu ya daraja la pili Ulaya. Kurasa tatu, miezi 10, euro 2,500 kwa mwezi, nyumba na tiketi ya ndege. Wakala anamhimiza asaini leo leo. Akague nini kabla hajatia kalamu? Na barua ya kibali ya FIBA (shirikisho la kikapu la dunia), ile ya kumruhusu kuhama nchi, inaombwa na nani?

MzeeWaVifungu
Mkuu, mshahara auache mwisho. Kwanza atafute herufi tatu: BAT. Ni baraza la usuluhishi wa kikapu lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, makao Geneva. Kesi husikilizwa na msuluhishi mmoja, kwa Kiingereza, na karibu yote huenda kwa maandishi. Klabu isipotii uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo viongozi huanza kupokea simu. Lakini BAT haina mamlaka kama haikutajwa kwenye mkataba. Mkataba ukisema mgogoro utaamuliwa na mahakama ya mji wa klabu, kijana atadai kwa lugha asiyoijua, akiwa ameshaondoka.

Aangalie pia kama kuna mkataba wa pili wa "haki za picha", yaani malipo ya kutumia jina na sura yake. Baadhi ya klabu huandika sehemu ndogo ya mshahara kwenye mkataba wa ligi, kubwa ikapitia kampuni nyingine. Kifungu cha BAT kiwe kwenye yote miwili, na klabu itajwe kuwa mdhamini wa malipo yote.

Halafu hiyo 2,500: ni ya mkononi au ghafi, yaani kabla ya kodi? Neno hilo lisipoandikwa, kodi itamla. Iandikwe jumla ya msimu, euro 25,000 baada ya kodi, na tarehe ya kila malipo. "Kila mwezi" peke yake haitoshi, maana bila tarehe hakuna kuchelewa.

Ribaundi12
Naongezea la vipimo vya afya, kwa sababu wengi hunasa hapo. Kifungu kizuri kinasema vipimo vifanyike ndani ya saa 48 au 72 tangu afike, na klabu isipotoa majibu kwa maandishi ndani ya muda huo, mchezaji amefaulu. Bila kikomo hicho mkataba unageuka majaribio ya bure: anafanya mazoezi wiki mbili, kocha hamkubali, ghafla goti lake "lina tatizo". Asiguse mpira wa mazoezi kabla ya kupimwa. Akiumia kabla, klabu itasema mkataba haujaanza. Abebe na picha za MRI za zamani za magoti na vifundo, zionyeshe kipi kilikuwepo na kipi kipya.

Ajue pia kwa nini wageni hukatwa haraka. Ligi nyingi zina ukomo wa wageni. Ujerumani, kwa mfano, ligi kuu inataka angalau Wajerumani 6 kati ya 12 wa mechi. Nafasi ya mgeni ni ya thamani, na mgeni asiyeleta pointi hubadilishwa hata kabla ya Krismasi. Kwa hiyo iandikwe wazi kwamba mshahara wote umehakikishwa, hata akiumia au kiwango kikishuka. Tiketi ya kurudi nayo ibaki haki yake mkataba ukivunjwa mapema.

Kibali_Safi
Kuhusu barua ya kibali: shirikisho la nchi anakokwenda ndilo huiomba kwa shirikisho la nchi alikosajiliwa mwisho, nalo lina siku 7 kujibu. Sababu ya kukataa ni moja tu: bado ana mkataba na klabu ya zamani. Deni la jezi au kinyongo cha kocha si sababu. Aombe sasa klabu ya zamani imwandikie kwamba mkataba umeisha. Karatasi hiyo moja huokoa wiki nzima. Kama angekuwa chini ya miaka 18 mambo yangekuwa mengine, uhamisho huo hukatazwa isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya FIBA.

Kibali cha kazi kiombwe na klabu, asisafiri kwa visa ya utalii. Wakala naye awe na leseni ya FIBA. Ada yake kwa kawaida ni asilimia 10, na klabu nyingi za Ulaya huilipa juu ya mshahara, haikatwi humo.

Pasi_ya_Chini
Asanteni sana wakuu. Mshahara ukichelewa je, aondoke?

MzeeWaVifungu
Asiondoke kimyakimya! Hapo ndipo mwenye haki hugeuka mkosaji. Tarehe ikipita, aandike barua pepe: kiasi, tarehe kilipotakiwa kulipwa, na siku za mwisho anazowapa kulingana na mkataba. Aambatanishe taarifa ya benki. Aendelee na mazoezi, isipokuwa mkataba unamruhusu kusimama. Muda ukiisha bila malipo, atume barua ya pili ya kuvunja mkataba, akitaja kifungu kwa namba, ndipo akate tiketi. Faini ya kila siku ya kuchelewa iwepo, ila iwe ya kiasi. Msuluhishi akiona imezidi huipunguza. Na mkataba utaje barua pepe rasmi ya klabu, kwani ujumbe wa WhatsApp kwa meneja ni rahisi kukanwa.