Shimo kwenye barafu linasomaje joto la zamani?

Mtoto_wa_Chamwino: Wakuu habari za jioni, niko hapa Dom nasoma jiolojia, tumeambiwa ukitoboa barafu nene ukashusha thermometa unajua juu kulikuwa na baridi kiasi gani maelfu ya miaka nyuma. Inawezekanaje wakati lile joto lishapita?

Fundi_Visima: Halijapita lote mkuu, lipo linashuka. Barafu inapitisha joto taratibu sana, kama figa, moto ushazimwa ila ndani bado lina joto. Kule Greenland shimo la GRIP (mradi wa Ulaya wa kutoboa barafu) lina kina cha mita 3,029, na joto lake ndo lilionyesha kwamba kama miaka 25,000 nyuma juu kulikuwa baridi kuliko sasa kwa nyuzi karibu 23, yaani nikiisoma hiyo nasisimka kabisa.

Zabibu_Dom: Ila mdogo wangu usidhani unasoma moja kwa moja, lazima uhesabu joto linalopanda toka ardhini na barafu inavyotiririka, kompyuta inajaribu historia nyingi za joto mpaka ipate inayolingana na vipimo. Ukirudi nyuma sana picha inafifia, mwaka mmoja mmoja huupati. Na shimo liachwe litulie kwanza manake kuchimba kwenyewe kunavuruga joto.

Mtoto_wa_Chamwino: Asante dada. Visima vya maji vya Makutupora hapa Dodoma je?

Fundi_Visima: Pale maji yanatembea na pampu zinavuta, joto linavurugika. Tafuta shimo kwenye mwamba mkavu, lisilo na pampu.